Mzizi Ukilia Njaa

Mwaka 1956 wataalamu wa kilimo wa majimbo ya Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani, walikuwa wakihangaika na mahindi yaliyodumaa. Walidhani ni upungufu wa virutubisho, wakadhani ni minyoo ya mizizi, na hakuna jibu lililokaa sawa. Simulizi inayorudiwa sana na watu wa fani ya magugu inasema aliyefumbua kitendawili ni mwanafunzi kutoka India. Yeye hakushughulika na mahindi. Alitazama vijimea vyenye maua mekundu vilivyosimama kando ya mashina, akavitambua papo hapo, kwa kuwa kwao vilikuwa vikijulikana.

Serikali haikusubiri. Mwaka uliofuata ikatangaza karantini: mashine, udongo, nyasi kavu na mazao visitoke ndani ya maeneo yaliyoambukizwa bila kukaguliwa. Ukaguzi ulipoendelea, mashamba yenye gugu hilo yalipita ekari 430,000. Baadaye matrekta yakaanza kudunga ardhini gesi ya ethilini, ile ile inayotolewa na matunda yanapoiva na inayotumika kuivishia ndizi. Mbegu za gugu hili zikiipata gesi hiyo huota hata kama hakuna mahindi karibu, kisha hufa kwa kukosa cha kunyonya. Kazi ilichukua zaidi ya nusu karne na zaidi ya dola milioni 250, na eneo lililobaki sasa ni dogo sana.

Naanzia Carolina kwa makusudi. Huku kwetu kijimea hicho kinaitwa kiduha, au kayongo kwa Wajaluo wa Nyanza, na mara nyingi anayevuna magunia mawili badala ya kumi kwa sababu yake huambiwa hakupalilia vizuri. Nchi tajiri kuliko zote duniani ilipokutana nacho haikumwambia mkulima wake arudie palizi. Ilileta gesi, matrekta, wakaguzi na fedha za miaka hamsini. Mkulima wa Bunda, Siaya, Busia au Tororo hupambana nacho akiwa na jembe, na jembe ndicho kifaa ambacho kiduha kimejiandaa kukikabili vizuri kuliko vyote.

Viko viduha vya aina kadhaa. Kinachosumbua zaidi kuzunguka Ziwa Viktoria ni Striga hermonthica, chenye maua ya zambarau yanayokaribia waridi, na ambacho kwenye shamba lililoshindwa hufika magotini. Kile cha Carolina ni Striga asiatica, kifupi, chenye maua mekundu. Kwa Tanzania hupatikana zaidi pwani, Morogoro na nyanda za kusini. Vyote viwili hunyonya jamii ya nafaka: mahindi, mtama, ulezi, uwele, mpunga wa nchi kavu na hata miwa. Vina majani ya kijani na hujitengenezea chakula kidogo juani, jambo linalowadanganya wengi kwamba ni gugu la kawaida linalogombea mwanga na mahindi. Ugomvi wenyewe uko chini.

Chukua kifuko cha mbegu kilichokauka, kisage juu ya kiganja. Kinachobaki ni vumbi la kahawia, laini kama ugoro, na kila chembe ya vumbi hilo ni mbegu kamili. Urefu wake ni karibu theluthi moja ya milimita. Mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu 50,000, na ulioshiba zaidi unaweza kupita 100,000. Upepo huzipeperusha, maji ya mvua huzisomba hadi shamba la chini, kwato za ng'ombe huzibeba pamoja na matope, na jembe la kuazima huzihamisha kutoka kwa jirani mmoja hadi mwingine. Hata mahindi yaliyopukuchuliwa chini na kuuzwa sokoni kama mbegu yanaweza kuzibeba bila mtu kuziona. Zikishaingia ardhini hukaa hai miaka kumi na zaidi, zikingoja.

Kungoja huko kuna utaratibu. Mbegu ndogo namna hiyo haina akiba ya chakula. Ikiota mahali pasipo na mzizi wa kuung'ang'ania hufa ndani ya siku chache, kwa hiyo haiwezi kujiotea ovyo kama mchicha. Kwanza hufyonza maji na kukaa kwenye udongo wenye unyevu na joto kwa wiki moja au mbili. Hapo huwa iko tayari, ila bado haioti. Inataka ishara ya kemikali inayotoka kwenye mzizi wa nafaka, na mzizi huo uwe milimita chache tu kutoka ilipo. Ishara ikifika, kijimzizi huchomoza, hufuata inakotoka, hugusa, kisha ncha yake huvimba na kugeuka kiungo cha kunyonyea ambacho wataalamu wanakiita haustoria. Kiungo hicho hupenya ngozi ya mzizi hadi kwenye mishipa inayopandisha maji.

Kuanzia hapo mahindi hayajimiliki tena. Maji yanayopanda hugawanywa, na madini na sukari vilevile. Ili wizi uende bila kukatika, kiduha huacha wazi vitundu vya majani yake mchana kutwa na hata usiku, kikipoteza maji kwa pupa ili kiendelee kuvuta mengine. Mmea wa mahindi nao hufanya kinyume: homoni zake huvurugika, vitundu vya majani yake hujifunga kana kwamba kuna ukame, na kazi ya kutengeneza chakula hupungua. Hasara inayoonekana ghalani ni kubwa kuliko uzito wa kile kilichonyonywa, maana sehemu yake hutokana na mahindi kudumaa yenyewe. Mtu huona majani yamejikunja ilhali udongo una majimaji, na hapo ndipo maneno ya kurogwa shamba yanapoanzia. Siwacheki wanaosema hivyo. Ukiangalia juu tu, hakuna maelezo mengine yanayoingia akilini upesi.

Anayetaka kuona chini afanye hivi. Achimbe mbali kidogo na shina, atoe mmea mzima na bonge lake la udongo, alizamishe bonge kwenye ndoo ya maji na kuliacha lilainike. Asivute, maana vijimea vya chini hukatika kwa urahisi na asione kitu. Udongo ukishaachia, mizizi huonekana ikiwa imeshikwa na vichipukizi vyeupe, vingine vya urefu wa ukucha, vina magamba mahali pa majani na vimejishikiza kwa vifundo vidogo vya mviringo. Ni vyeupe kwa sababu havijaona jua. Shina ambalo juu ya ardhi lilikuwa na viduha viwili vya kuhesabika, chini linaweza kuwa na ishirini. Maafisa ugani wangeokoa maneno mengi kama kila mkutano wa wakulima ungeanza na ndoo hiyo badala ya bango.

Kiduha hukaa chini ya ardhi wiki nne hadi saba kabla ya kuchomoza. Palizi ya kwanza hupita juu yake bila kukigusa. Palizi ya pili hukikuta ndiyo kwanza kinatokeza, au bado. Kinapotoka na kuchanua na kila mtu akakiona, sehemu kubwa ya madhara ya msimu huo imekwishafanyika, na kukikata kwa jembe hakurudishi gunzi lililokosa punje. Mkulima aliyepalilia mara mbili kwa bidii na bado akavuna pumba ana haki ya kuona palizi ni kazi bure. Kwa msimu ule, kweli ni kazi bure.

Sasa turudi kwenye ile ishara, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jambo zima. Mwaka 1966 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba wameipata kemikali moja inayoamsha mbegu za kiduha, wakaiita strigoli. Walikuwa wameitoa kwenye mizizi ya pamba. Hapo pakawa na maswali mawili. La kwanza, pamba hainyonywi na kiduha, iweje itoe mwito wa kukiamsha? La pili ni gumu zaidi: kwa nini mmea wowote utoe kitu kinachomwamsha adui yake? Maumbile hayana huruma na tabia ya namna hiyo. Mimea inayotoa kitu hicho ingepaswa kunyonywa hadi kutoweka zamani, na isiyokitoa ndiyo irithi ardhi.

Jibu lilichukua karibu miaka arobaini. Mwaka 2005 Kohki Akiyama na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba kemikali za ukoo huo, strigolaktoni, ni mwito unaoelekezwa kwa kuvu rafiki. Kuvu hizo huishi ndani ya mizizi ya mimea mingi, hutandaza nyuzi zake mbali kuliko mizizi inavyoweza kufika, na huleta fosforasi kutoka pembe ambazo mzizi haungezigusa. Mmea huzilipa kwa sukari. Mzizi unapoishiwa fosforasi hutoa strigolaktoni kwa wingi. Kuvu zikizipata hutanua matawi yake na kuja. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2008, makundi mawili ya watafiti yakaonyesha kwamba kemikali hizo hizo hufanya kazi ndani ya mmea pia, zikiuzuia kuchipuza matawi mengi wakati chakula ni kidogo.

Kwa maneno mengine, kiduha kimejifunza kudukiza. Mzizi wenye njaa unaita msaada, na mwizi anasikia kabla ya jirani mwema. Kadiri njaa inavyozidi ndivyo mwito unavyozidi, na ndivyo mbegu nyingi zaidi zinavyoamka. Ndiyo maana kiduha hustawi mahali palipolimwa mahindi juu ya mahindi, miaka nenda rudi, bila samadi wala mapumziko. Udongo wa sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya una upungufu wa fosforasi, na mashamba yamegawanywa kwa warithi hadi hakuna tena nafasi ya kuacha kipande kipumzike. Udongo wa kichanga wa Usukumani unachoka upesi. Kulitibu gugu na kuuacha udongo na njaa yake ni kulikaribisha tena msimu ujao, na nadhani hapa ndipo ushauri mwingi wanaopewa wakulima unapojikwaa: unalizungumzia gugu kama mvamizi aliyetoka nje, ilhali shamba lenyewe ndilo linalomwita.

Zao lenyewe nalo lina sehemu yake. Mtama na uwele ni wazaliwa wa Afrika, na vimeishi na viduha kwa maelfu ya miaka, hata baadhi ya aina za mtama zikajijengea ukinzani. Mahindi yalitoka Amerika, yakaletwa na Wareno, na yalikuja kuwa chakula kikuu cha eneo letu katika karne ya 20. Hayakuwa na historia yoyote na mnyonyaji huyu. Tulipoacha mtama kwa sababu ya ndege, kwa sababu ya soko, na kwa sababu ugali mweupe ulionekana wa kistaarabu zaidi, tulilitandikia gugu meza.

Aliyefanya kazi kubwa kwenye mtama ni Gebisa Ejeta, mzaliwa wa kijiji cha Wolonkomi nchini Ethiopia, profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue. Yeye na wenzake walilivunja tatizo vipande vipande: mtama upi hautoi mwito mkali, upi huzuia haustoria isijishike, upi huua tishu inayoguswa ili kijimzizi kisipenye. Mwaka 1994 tani nane za mbegu walizozalisha ziligawanywa katika nchi 12 za Afrika. Mwaka 2002 Tanzania iliidhinisha aina mbili zilizotokana na kazi hiyo, zikapewa majina ya Hakika na Wahi. Ejeta alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Baadaye, mwaka 2017, ilijulikana kwamba baadhi ya mitama yenye ukinzani ina hitilafu kwenye jeni moja, na kwa sababu hiyo hutoa strigolaktoni ya aina nyingine ambayo kuvu huitambua lakini kiduha hakiijali sana. Mwito unabaki, lugha imebadilika.

Kwenye mahindi mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, wakishirikiana na taasisi ya Weizmann ya Israeli, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya na kampuni ya BASF, walitumia mahindi yanayostahimili dawa ya magugu iitwayo imazapiri. Ustahimilivu huo ulitokana na badiliko lililopatikana maabara bila kupandikiza jeni ya kiumbe kingine. Mbegu hupakwa dawa kidogo sana, gramu 30 hivi kwa hekta nzima, na kiduha kinachojishika kwenye mzizi mchanga hufa kabla ya kuleta hasara. Nchini Kenya mbegu hizo ziliuzwa kwa jina la Ua Kayongo. Zilifanya kazi, ila zilikuwa na masharti. Aliyezishika kisha akashika mbegu za maharage bila kunawa aliua maharage yake kwa mkono wake mwenyewe, kwani ile chembe ya dawa iliyobaki vidoleni inatosha. Nazo ni za kununua kila msimu, kwa mtu aliyezoea kuteua mbegu kutoka kwenye magunzi yake.

Njia iliyonivutia kuliko zote ilizaliwa wakati watu wanatafuta kitu kingine. Katikati ya miaka ya 1990, katika kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, kilichopo Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, Zeyaur Khan na wenzake, wakisaidiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wakipambana na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Walipanda nyasi na mikunde ya aina nyingi kuona ipi inawafukuza nondo na ipi inawavuta. Moja ya mikunde hiyo ilikuwa desmodiamu, mmea wa malisho unaotambaa, asili yake Amerika. Walipoipanda katikati ya mistari ya mahindi waligundua jambo ambalo hawakulitafuta: kiduha kilikuwa karibu kimetoweka.

Kwanza walidhani ni kivuli, kisha wakadhani ni naitrojeni ambayo mikunde huingiza ardhini. Vyote vilisaidia, lakini havikutosha kueleza walichokiona. Mizizi ya desmodiamu ilipochunguzwa ilikutwa ikitoa kemikali za makundi mawili. Kundi moja huamsha mbegu za kiduha. Jingine huzuia kijimzizi kilichotoka kisikue na kisiweze kujishika. Mbegu inaamshwa, inachomoza, inafia hapo hapo. Ni ile hila ya gesi ya Carolina, isipokuwa hapa inafanywa na mmea ulio hai, saa zote, msimu hadi msimu, bila trekta. Kila mbegu inayoamshwa namna hiyo imetoka kwenye akiba iliyofichwa ardhini, na akiba hupungua mwaka hadi mwaka hata kama mkulima hajui.

Mpango mzima ukaitwa sukuma-vuta. Mahindi hupandwa na desmodiamu katikati ya mistari, na kuzunguka shamba hupandwa mistari ya matete, yale wanayoyaita majani ya tembo. Matete huvuta nondo wakatage huko, na utomvu wake huwaua viwavi wengi. Namna desmodiamu inavyowasumbua nondo bado inabishaniwa na wanasayansi. Kama ni harufu inayowafukuza au ni vinyweleo vinavyowanasa viwavi, tuwaachie wao. Juu ya kiduha ubishi ni mdogo. Maelfu ya wakulima wameifuata njia hii, na waliodumu nayo huongeza faida ambayo haikuwa kwenye mpango: ng'ombe hula, maziwa huongezeka, samadi hurudi shambani, udongo hushiba. Huko nyuma nilisema tatizo ni njaa ya udongo. Njia hii inaushughulikia udongo pamoja na gugu, ndiyo maana naipa nafasi kubwa.

Lakini nimesikia kwenye mikutano ya wakulima mazungumzo ya namna hii, na hayana jibu jepesi.

"Sasa mwanangu, hii desmodiamu inapikwaje?"

"Haipikwi, mama. Ni ya ng'ombe."

"Na mimi ng'ombe sina. Nikiipanda hapa katikati, maharage yangu nitayapanda wapi?"

Mama huyo haikatai sayansi. Anapiga hesabu ya sufuria. Mbegu za desmodiamu ni ghali na hazipatikani kila duka la pembejeo. Ni ndogo, huota polepole, na msimu wa kwanza zinataka kupaliliwa kwa mkono kwa uangalifu, maana miche yake na magugu mengine havitofautiani kwa jicho lisilozoea. Ikishashika, lazima ikatwekatwe isije ikayafunika mahindi machanga. Mahali ambapo mifugo huachiwa mashambani baada ya mavuno, mmea wa kudumu huliwa hadi mizizi kwa usiku mmoja. Magharibi mwa Kenya matete nayo yamekuwa yakidumaa kwa ugonjwa unaoyafanya majani kuwa ya njano na madogo. Kwa sehemu kavu watafiti walibadilisha mimea, wakaleta desmodiamu inayovumilia ukame zaidi na nyasi za Brachiaria aina ya Mulato II. Walio na uwezo wa kungoja misimu miwili huona matokeo. Wanaodaiwa ada ya shule Januari hawana misimu miwili.

Kwa hao kuna jambo jipya zaidi, na lina ladha ya jikoni. Kuna kuvu ya udongo, Fusarium oxysporum, ambayo aina yake moja hushambulia kiduha peke yake. Watafiti waliteua zile zinazotoa kwa wingi amino asidi zinazokidhuru. Mkulima huletewa kuvu hiyo ikiwa imekaushwa juu ya vijiti vya kuchokolea meno. Kijiti huchomekwa kwenye wali uliopikwa na kupoa, na baada ya siku chache wali huwa umejaa kuvu. Kipande kidogo hutiwa kwenye kila shimo pamoja na mbegu ya mahindi. Katika majaribio ya mwaka 2014 kwenye mashamba 500 ya magharibi mwa Kenya, mavuno yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 40 katika misimu yote miwili. Mwaka 2021 bidhaa hiyo ilisajiliwa Kenya kwa jina la Kichawi Kill. Ubaya wake ni kwamba kuvu ni kiumbe hai: wali ukichacha kwa uchafu mwingine, au ukikaa siku nyingi, unapanda uozo mtupu.

Mzunguko wa mazao ni ushauri wa zamani na bado ni mzuri. Soya, karanga, kunde na pamba huamsha mbegu za kiduha bila kunyonywa nacho, kwa hiyo msimu mmoja wa mazao hayo hupunguza akiba. Tahadhari ipo kwenye kunde. Katika maeneo mengi ya Tanzania kuna mnyonyaji mwingine, Alectra vogelii, mwenye maua ya njano, ambaye chakula chake ni hizo hizo kunde, karanga na njugumawe. Anayekimbia kiduha kwa kupanda kunde kila mwaka anaweza kumfuga huyo.

Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania, hali ni ya namna yake. Kwenye mpunga wa nchi kavu yupo Striga asiatica, na kwenye mabonde yanayotegemea mvua yupo Rhamphicarpa fistulosa, mmea wa maji wenye maua meupe yanayofunguka jioni, ambao unaweza kuishi wenyewe bila kunyonya lakini hustawi zaidi ukipata mpunga. Watafiti waliofanya kazi huko walikuta ratiba mbili zinazokinzana: bondeni kuwahi kupanda huusaidia mpunga kumtangulia adui, ilhali kwenye nchi kavu kuchelewa kidogo ndiko kunakopunguza kiduha. Mkulima mwenye vipande vya aina zote mbili anahitaji kalenda mbili. Mlangamia, ule uzi wa njano tunaouona umejitandaza juu ya miti na nyua za pwani, nao ni wa ukoo wa kunyonya, lakini huo huonekana tangu mwanzo na hukatwa pamoja na tawi lililoshikwa. Ni adui mwepesi kwa kulinganisha.

Mwisho wa yote hesabu ya kiduha ni hesabu ya mbegu zilizomo ardhini, na hapo ndipo kazi isiyopendwa na mtu inapoingia: kukirudia shambani na kuking'oa baada ya palizi ya pili, wakati mahindi yamekwisha kubeba na jembe limeshawekwa. Kazi hiyo haiongezi hata debe moja msimu huu. Faida yake iko miaka mitatu minne mbele, na wanaoifanya mara nyingi ni wanawake, wakati shamba ni la mume au la mwenye kukodisha. Aliyekodi kwa msimu mmoja hana sababu ya kumng'olea mwenye ardhi kiduha cha mwaka kesho, na mwenye ardhi hamlipi mtu kwa hilo. Sijaona mkataba wa kukodi shamba, wa mdomo au wa maandishi, unaokitaja.

Wakati wa kazi hiyo ni mfupi pia. Kiduha huchanua kuanzia chini kwenda juu. Maua ya juu yakiwa bado yanapendeza, vifuko vya chini vimeshakauka na kupasuka. Anayengoja shamba zima lichanue ndipo aite watu wa kung'oa, anawalipa wasambaze mbegu. Kazi ianze ua la kwanza linapoonekana, irudiwe kila baada ya wiki mbili, na vilivyong'olewa visiachwe kwenye matuta wala visitupwe kwenye shimo la mboji. Vikaushwe juu ya gunia, vichomwe. Mahindi yakishavunwa, mashina nayo yang'olewe mapema, kwa sababu mizizi ikibaki hai kiduha huendelea kuchanua wiki kadhaa, na wakati huo hakuna mtu anayekanyaga tena shambani.